Kabla Hujanunua Kontrol Boksi, Pima Betri

Gari likianza vituko vya umeme, watu hukimbilia jibu la bei kubwa. Taa ya ABS (breki zinazozuia tairi kujifunga) imewaka, basi pampu ya ABS imekufa. Usukani umekuwa mzito, basi mota ya usukani imeungua. Saa ya redio inaanza upya kila asubuhi, mishale ya dashibodi inarukaruka ukipiga stata, vioo vinapanda kwa kujikongoja, santa loki inafunga milango mitatu na kuuacha mmoja. Gari linapelekwa gereji, dashibodi inafunguliwa, waya zinatolewa nje, na jua likizama mwenye gari anaambiwa atafute kontrol boksi, yaani kompyuta ya gari, ya mtumba.

Mimi ni fundi umeme wa magari, Dar es Salaam. Kazi hii naipenda na mafundi wenzangu nawaheshimu, kwa hiyo haya nayasema kwa uchungu wa mtu wa ndani: kontrol boksi nyingi ninazoletewa zikiwa zimeshahukumiwa hazina kosa lolote. Tatizo liko kwenye betri iliyochoka, au kwenye kipande cha waya kati ya betri na bodi, na lingeonekana mapema kwa multimita ya kawaida ya kupimia volti, inayouzwa Kariakoo. Kinachokosekana ni subira ya kupima kabla ya kufungua.

Kuna mwalimu mmoja, mama wa makamo, aliyeniletea Toyota Fielder yake. Kila asubuhi akiwasha, taa ya usukani, ya ABS na ya injini zinawaka pamoja, na usukani unakuwa mgumu kiasi cha kuuzungusha kwa nguvu za mabega. Mchana akizima na kuwasha tena, hakuna taa hata moja. Gereji aliyotoka walikuwa wamechomeka mashine ya kusomea kompyuta za gari, wakaona makosa yanayotaja ABS, wakampa bei ya pampu ya mtumba iliyozidi mshahara wake wa mwezi.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Nimekuja na ABS yangu, naambiwa imeshakufa.”

“Pole sana. Naomba uniachie gari mpaka jioni. Silifungui, nataka lipumzike tu.”

“Lipumzike? Linafanya kazi gani hilo la kuchoka?”

Jioni nilipima mbele yake, maana napenda mwenye gari aone namba kwa macho yake. Betri ikiwa imetulia: volti 12.1. Nikamwomba apige stata huku mimi nikiangalia multimita: ikazama hadi 8.3, gari likawaka, na zile taa tatu zikajitokeza. Injini ikiwa inaunguruma: 14.1. Nikamwambia altaneta yako, ile inayochaji betri, nzima, ABS yako nzima, betri yako imechoka. Akaniangalia kwa ule mtazamo wa kusahihisha madaftari, akaniuliza swali ambalo kila mtu angeuliza: “Betri ikiwa mbovu si gari haliwaki kabisa? Mbona langu linawaka?”

Swali hilo ndilo kiini cha jambo zima.

Kwa magari ya zamani alikuwa sahihi. Tangu Charles Kettering alipoiwekea Cadillac ya mwaka 1912 stata ya umeme, kazi kubwa ya betri ilikuwa kuzungusha injini. Betri ikichoka, injini haizunguki, abiria wanashuka wanasukuma. Peugeot 504 ikishasukumwa ikashika, inaenda zake, kwa sababu ndani yake hakuna kitu kinachouliza volti ziko ngapi. Fielder ina kompyuta ya injini, ya ABS, ya usukani, ya mifuko ya hewa, ya bodi, na zote zinaongea kwa kupitia jozi ya waya zilizosokotwa pamoja, kwa mfumo wa CAN ambao kampuni ya Bosch iliutambulisha mwaka 1986. Kompyuta hizo hazina chakula kingine isipokuwa umeme ule ule wa betri.

Ukipiga stata, injini ndogo ya petroli huvuta zaidi ya ampia 100 kwa mkupuo. Betri yenye afya inashuka kutoka 12.6 hadi 10 na kitu, kisha inarudi. Iliyochoka inazama hadi 8, pengine chini ya hapo, kwa muda mfupi sana. Stata yenyewe haijali sana. Inazunguka kwa uvivu kidogo, na kwa kuwa injini za siku hizi hushika haraka, gari linawaka na mwenye gari anaondoka akiamini betri yake nzima. Lakini katika kile kipande cha sekunde, ndani kumeshaharibika. Kila kompyuta ina kiwango chake cha chini cha kuvumilia. Moja imezima na kuanza upya. Nyingine haikuzima, ila imesoma sensa vibaya, maana sensa nyingi hulishwa volti 5 zinazotengenezwa ndani ya kompyuta kutokana na zile 12. Ya tatu imebaki salama kabisa, lakini imeita wenzake na haikuitikiwa.

Hapo ndipo makosa yanapoandikwa kwa jina la asiyehusika. Kompyuta hizi zinaishi kama watu wa nyumba moja wanaojuliana hali kila asubuhi: asiyeitika anaripotiwa, na anayeripoti ni yule aliyeamka na nguvu. Fundi anachomeka mashine anakuta U0121, maana yake mawasiliano na ABS yamepotea. Anakuta U0100, mawasiliano na kompyuta ya injini yamepotea. Mashine haijadanganya, mawasiliano kweli yalipotea. Ila haijasema ABS imekufa. Imesema tu kwamba wakati fulani iliitwa ikawa kimya. Ukikuta makosa matatu manne ya herufi U kutoka kompyuta tofauti, yameandikwa kwa wakati mmoja, ni vigumu mno kuamini kwamba kompyuta nne zimeharibika siku moja. Tafuta kitu kimoja ambacho zote zinakitegemea. Na kama kati ya hayo kuna P0560 au P0562, au kwenye Toyota C1241, basi gari lenyewe limeshakutajia: hizo zinazungumzia volti moja kwa moja. Ajabu ni kwamba mara nyingi ndizo zinazorukwa, kwa sababu hazitaji kifaa cha kununua.

Usukani wa umeme huwa wa kwanza kulalamika, na una haki. Mota yake huvuta ampia makumi unapogeuza gari likiwa limesimama. Kompyuta yake ikiona umeme hautoshi, inajitoa kazini kwa makusudi na kuwasha taa, ili isiumie na isikusaidie nusunusu. Zima gari, liwashe tena likiwa na betri iliyopata chaji kidogo njiani, inarudi kazini kama hakuna lililotokea. Kwa hiyo kituko kinachokuja asubuhi na kupotea mchana kinipe mimi. Karibu kila mara najua pa kuanzia. Kifaa kilichoungua hakiponi kwa kuzima na kuwasha.

Sasa vipimo vyenyewe. Ninapima mara tatu: betri ikiwa imetulia, ikiwa kazini, na ikiwa inachajiwa. Kipimo kimoja peke yake kinapotosha, na hicho kimoja ndicho watu wanachokipima.

Betri ya gari ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa kama volti 2.1, ndiyo maana ikijaa inasoma 12.6 au 12.7. Kwenye 12.4 imebaki robo tatu hivi, 12.2 imebaki nusu, 12.0 imebaki robo. Chini ya 11.9 usiite hiyo betri, imeisha chaji. Ukikuta 10.5 na haipandi hata ukichaji, chumba kimoja kimekufa, na hakuna dawa. Lakini angalia: ukipima mara tu baada ya kuzima gari utasoma 12.8 ya uongo. Chaji mpya inakaa juujuu kwenye sahani za risasi na kumfurahisha kila mtu. Liache gari lipumzike masaa kadhaa, au kama huna muda, washa taa kubwa kwa dakika mbili huku injini imezimwa, zima, subiri kidogo, kisha pima. Ndiyo sababu nilimwomba mwalimu aniachie gari.

Kipimo cha pili ndicho ninachokiamini kuliko vyote. Weka ncha za multimita kwenye vichwa vya betri, mwenzako apige stata. Ukiwa na multimita yenye kitufe cha kuhifadhi namba ndogo kabisa, kitumie, maana ule mzamo ni wa haraka kuliko jicho. Betri nzuri kwenye joto la kwetu haitakiwi kushuka chini ya 9.6. Ikishuka chini ya hapo ilhali ilikuwa imejaa, sahani zake zimechakaa. Ikishuka chini ya hapo ikiwa nusu, ichaji kwanza mpaka ijae halafu rudia, usiihukumu ikiwa na njaa. Hii tofauti kati ya betri isiyo na chaji na betri iliyokufa inawagharimu watu pesa nyingi. Betri inaweza kusoma 12.5 ikiwa imetulia na bado ikawa haina nguvu yoyote ya kubeba mzigo. Na betri nyingine ikawa 11.8 kwa sababu tu taa ya ndani iliachwa inawaka usiku, ukiichaji inarudi kazini miaka mingine miwili.

Na ukisikia ule mlio wa tik-tik-tik-tik unapogeuza ufunguo, usikimbilie stata. Swichi ya stata inavutwa, mzigo unaingia, volti zinaporomoka, swichi inakosa nguvu ya kujishikilia inaachia, volti zinapanda, inavutwa tena. Stata mbovu mara nyingi hutoa mlio mmoja mzito, “tak”, kisha kimya, huku taa za dashibodi zikibaki na mwanga wake. Ule wa mfululizo ni wa betri au vifungio vyake.

Kipimo cha tatu ni injini ikiwa inaunguruma. Kwa magari mengi yaliyoko barabarani kwetu utataka kuona kati ya 13.8 na 14.4, kisha washa taa kubwa, AC na feni, uone kama inajishikilia juu ya 13.5 hivi. Ikibaki 12 na kitu, altaneta haichaji au mkanda unateleza, na ukiweka betri mpya hapo utaiua. Ikipanda kupita 15, inachemsha betri. Yapo magari, hasa ya karibuni, ambayo kompyuta inashusha chaji kwa makusudi ili kuokoa mafuta, kwa hiyo ukiona 12.8 kwa muda usipige kelele. Ongeza mzigo uone kama inaitikia. Halafu hamishia multimita upande wa umeme wa mkondo geu (nao huandikwa AC, lakini si kiyoyozi), pima pale pale kwenye betri. Ikizidi nusu volti, dayodi ya altaneta, kile kipande kinachonyoosha umeme wake uwe wa njia moja, imevuja, na hiyo nayo inazichanganya kompyuta vibaya sana hata kama betri ni mpya ya dukani.

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu kuna tabia inaniumiza roho kila ninapoiona. Fundi anawasha gari, anachomoa terminali ya betri injini ikiwa inaunguruma, gari likiendelea anasema altaneta nzima. Jamani, tuiache. Kwenye magari ya zamani yasiyo na kompyuta haikuwa na madhara makubwa. Leo betri ndiyo inayotuliza mawimbi ya umeme wa altaneta. Ukiichomoa ghafla wakati altaneta inasukuma ampia nyingi, volti zinaruka juu kwa kishindo, makumi ya volti kwa muda mfupi, na zinaingia kwenye kila kompyuta iliyounganishwa. Nimepokea magari yaliyokuja kwa miguu yao gereji yakiwa na betri dhaifu, yakatoka kwa kuvutwa na kamba yakiwa na kontrol boksi iliyoungua kweli, kwa sababu ya jaribio hilo la sekunde tano. Multimita inakupa jibu lile lile bila kumhatarisha mtu. Vivyo hivyo kubusti, yaani kuwasha gari kwa betri ya gari jingine: kuchanganya chanya na hasi hata kwa mguso mmoja kunatosha kukata fyuzi kuu na kuunguza dayodi za altaneta. Ukibusti, anza na chanya kwa chanya, kisha hasi ya gari linalosaidia, na ncha ya mwisho ifunge kwenye chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri, kwa sababu betri inatoa gesi ya haidrojeni na cheche inaweza kuilipua usoni mwako.

Turudi kwa mwalimu, maana kesi yake haikuishia kwenye betri. Kabla ya kuitoa nilipima jambo jingine: ncha moja ya multimita juu ya kichwa chenyewe cha risasi, nyingine juu ya terminali iliyokishika, kisha stata ikapigwa. Hivyo ni vipande viwili tu vya metali vinavyogusana, kwa hiyo inatakiwa isome karibu na sifuri, isizidi 0.1 au 0.2. Upande wa hasi ilisoma zaidi ya nusu volti. Maana yake umeme ulikuwa unapotea pale pale kwenye kifungio, hata betri mpya ingeonewa. Nilipofungua nikakuta ule unga mweupe wenye ukijani, na katikati kipande cha bati la kopo kilichopachikwa ili terminali ikaze. Bati, msumari, waya uliokunjwa, vyote nimevikuta. Betri ya saizi ndogo ina vichwa vyembamba, gari lilikuwa na terminali za vichwa vinene, mtu akatafuta njia ya mkato. Dawa ni kubadilisha terminali au kuweka vikombe vya risasi vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, na kusafisha kwa maji ya moto yenye magadi, kisha kupaka grisi. Fuata pia waya wa hasi mpaka unapofungwa kwenye bodi na kwenye gia boksi. Kwa sisi wa pwani, kuanzia Tanga mpaka Mtwara, hewa ya chumvi inakula pale polepole, na gari linalotafutiwa ugonjwa kwenye kompyuta linakuwa na ugonjwa wa boliti yenye kutu.

Ukiniuliza kwa nini betri za hapa hazidumu, nitakutajia joto na foleni. Watu wengi wanaamini baridi ndiyo adui, kwa sababu gari hugoma asubuhi ya baridi. Wenzetu wa Njombe na Makete wanalijua hilo kila Juni na Julai. Lakini kinachotokea ni kwamba joto ndilo linaloiua betri, linakausha maji yake na kuharakisha ulaji wa sahani, na baridi inakuja tu kufichua. Gari lililokaa Dar es Salaam mwaka mzima likapanda Makambako kwa likizo, likigoma alfajiri kule, ugonjwa limetoka nao nyumbani. Halafu foleni: AC imewashwa, feni ya rejeta inazunguka, taa, redio, chaja za simu, na injini iko sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, kwenye mzunguko mdogo ambapo altaneta haitoi nguvu zake zote. Mtu anatoka Mbagala mpaka mjini kwa saa moja na nusu akidhani anaichaji betri, kumbe ameirudisha nyumbani na chaji pungufu. Betri ya risasi ikikaa muda mrefu bila kujaa, salfeti inaganda kwenye sahani na uwezo wake unapungua usirudi. Kwa gari la safari fupifupi, kulichaji kwa chaja ya nje usiku mmoja kwa mwezi kunasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yametumika, na hapo kuna mitego miwili inayotengeneza wagonjwa wapya kila siku. Wa kwanza ni magari yanayojizima yenyewe kwenye taa za barabarani na kuwaka ukiachia breki, kama Mazda Demio na Axela za karibuni. Yalikuja na betri zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, zenye maandishi kama M-42, N-55 au Q-85. Betri ikichoka, mwenye gari anauziwa ya kawaida inayolingana kwa umbo, kwa sababu inaingia na ni nafuu. Inafanya kazi, kisha baada ya muda mfupi taa ya mfumo huo inaanza kumetameta, AC inajizima, gari linasita. Ukichagua betri, soma maandishi yaliyo kwenye ile iliyotoka Japani. Kwenye 55B24L, kwa mfano, 55 ni daraja la nguvu, B ni umbo la upana na kimo, 24 ni urefu wake kwa sentimita, na herufi ya mwisho inaonyesha vichwa vimekaa upande gani. Ukikosea herufi hiyo waya hazifiki, na hapo ndipo watu huanza kuzivuta na kuunga.

Mtego wa pili ni magari ya haibridi, yenye injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme, kama Prius na Aqua. Hapa nimeona watu wakilia machozi ya kweli. Asubuhi dashibodi imejaa taa zote nyekundu na njano, neno READY halitokei, gari halitii. Mtu anaambiwa betri kubwa ya haibridi imekufa, na bei yake inamkosesha usingizi. Lakini haibridi ina betri mbili. Ile kubwa, volti 144 kwenye Aqua za kizazi cha kwanza, imetengwa na gari zima kwa swichi kubwa za ndani mpaka kompyuta ziamke na kuziunganisha. Na zinazoziamsha kompyuta ni volti 12 za betri ndogo, iliyofichwa chini ya kiti cha nyuma kwenye Aqua na kwenye buti la Prius za zamani. Betri ndogo ikichoka, kubwa haifikiki hata kama imejaa. Kwa kuwa hii ndogo haizungushi stata, haikupi dalili ya uvivu asubuhi. Inakaa kimya inashuka mpaka siku inakata. Kwa hiyo kabla ya kumwambia mtu maneno mazito kuhusu betri ya haibridi, inua kiti, pima ile ndogo. Na ukiibadilisha usiweke ya kawaida ya maji: iko ndani na abiria, inahitaji ile iliyofungwa yenye kibomba cha kutolea gesi nje, na kibomba hicho lazima kiunganishwe.

Tuseme betri ni mpya, altaneta inachaji vizuri, terminali safi, na bado kila baada ya siku nne gari limeishiwa. Hapo kuna kitu kinakunywa umeme usiku. Gari lililolala linaruhusiwa kuvuta kama ampia 0.05 hivi, kwa ajili ya saa na kumbukumbu. Hiyo inakula ampia-saa 1.2 kwa siku, na betri ya ampia-saa 35 itafika nusu baada ya wiki mbili za kusimama, ndiyo maana gari la mtu aliyesafiri mara nyingi linagoma. Lakini kifaa kikivuta nusu ampia, kinakula 12 kwa siku, na siku ya tatu huna kitu. Wahalifu ninaowakuta ni wale tuliowaongeza wenyewe: alamu ya dukani, kifaa cha kufuatilia gari, redio ya skrini kubwa iliyounganishwa waya wake wa swichi kwenye umeme wa moja kwa moja kwa hiyo hailali. Kumtafuta unahitaji subira: unganisha multimita ya ampia kati ya waya wa hasi na betri, funga milango, ondoka nusu saa nzima ili kompyuta zilale, kisha rudi usome, na ndipo uanze kuchomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Ukiwahi kusoma kabla hazijalala utalaumu kila kitu.

Ninavyosema hivi simaanishi kila kituko ni betri. Vipimo vyote vikija vizuri, iache betri ya watu, nenda kwenye sensa, waya au kompyuta kwa moyo safi. Kubadilisha betri kwa kubahatisha nako nakukataa, na si kwa sababu ya pesa peke yake. Ndani ya kila betri kuna kilo kadhaa za risasi, na ile ya zamani inakwenda mahali fulani. Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwatia watu sumu ya risasi, watoto wakiwemo, kabla hakijafungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa hapo na mtoto wake akaugua, ndiye aliyeongoza mapambano. Alipata Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kwa hiyo betri inayoweza kuokolewa kwa kuchajiwa au kwa kusafishwa terminali, iokolewe. Iliyokufa kabisa irudishwe dukani unaponunua mpya, isimwagwe asidi yake uani wala isivunjwe na vijana kwa nyundo.

Betri ya zamani niliichaji kwanza ikajaa, ikazama tena vile vile, ndipo mwalimu akafunga betri mpya na terminali mpya mbili. Nilifuta makosa yote, akapiga stata asubuhi yake mbele yangu, ikashuka hadi 10.6 na dashibodi ikabaki safi. Nikamweleza yatakayomshangaza, kwa sababu gari likikatiwa umeme husahau mambo: kioo cha dereva kinaweza kugoma kupanda chenyewe mpaka ukishikilie kitufe kikiwa kimefika juu kwa sekunde kadhaa, sailensa inaweza kupanda na kushuka siku ya kwanza mpaka kompyuta ijifunze upya, na saa ya redio ataiseti mwenyewe. Kisha nikachukua kalamu ya wino mzito, nikaandika juu ya betri tarehe ya siku hiyo na namba tatu, 12.7, 10.6, 14.1, ili fundi yeyote atakayefungua boneti baada yangu awe na pa kuanzia kulinganisha.